Dawa Ina Vidole?

"Niangalie basi, Nai. Hata mara moja tu."

Sikumwangalia. Ningemwangalia ningelia, na nikilia pale maabara bosi angesikia kutoka chumba cha pili, halafu maswali yasingeisha. Nikageukia sinki, nikajifanya naosha pipeti ambayo nilishaiosha.

"Cornel, leo ndiyo leo," nikasema huku nimempa mgongo. "Wanakuja saa nane. Shangazi yake Mudrick analeta bangili."

"Bangili gani tena?"

"Ya bibi yao. Ya fedha. Kwenye ukoo wao ukishavishwa ile bangili mkono wa kulia, imekwisha. Hata kama ndoa ni mwakani, wewe tayari ni mke wa mtu. Haivuliwi."

Nikawa nasikia tone tu, ti... ti... ti... Bureti yake, ule mrija wa kioo wa kudondoshea dawa, ilikuwa inavuja kwenye koki, tulishamlilia bosi anunue nyingine mpaka tukachoka. Cornel alikuwa ameishika ile koki kwa vidole ili isimwage, vidole vimelowa hadi ndani ya glavu, na macho yake, hata bila kugeuka, nilijua yako kwenye shingo yangu.

Ngoja nikueleze kazi yetu maana bila hiyo hutaelewa balaa lililonipata. Tulikuwa mafundi wa maabara kwenye kampuni ya kupima maji. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kila mtu Dodoma mwenye nafasi anachimba kisima chake, na maji ya Dodoma unayajua, chumvi. Sasa chumvi inapimwa hivi: unatia maji kwenye chupa, unaweka rangi ya njano kidogo, halafu unadondoshea silva naitreti kutoka kwenye bureti, tone kwa tone, taratibu, mpaka ile njano igeuke rangi ya matofali. Ikigeuka tu, unafunga koki.

Hiyo silva ni fedha iliyoyeyushwa. Kwa macho ni kama maji tu. Tunaifungia kwenye chupa ya kahawia kwa sababu haipatani na mwanga. Ikikugusa ngozi huoni kitu. Ila toka nayo juani sasa! Inakuwa nyeusi tii, na sabuni haiisikii.

Ndiyo iliyotukutanisha, kwanza. Wiki ya kwanza Cornel anaanza kazi aliniona vidole vina madoa meusi, akaniuliza, "Dada, hina yako imeungua?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Toka siku hiyo sikuwahi kupona.

"Nenda tena Haneti," nikamwambia sasa. "Kamwombe baba yako. Mpigie magoti."

"Nilienda Krismasi. Nilienda Pasaka. Nilipiga magoti, Nai, mama yangu ni shahidi. Unajua alichosema? Alisema, 'Mimi ni mwalimu wa kanisa, siwezi kwenda kupiga hodi kwa Waislamu kuomba binti. Siku ukisikia nimekwenda, ujue nimebebwa.'"

"Na mimi baba yangu anasema mchumba haji mwenyewe kama mbuzi aliyepotea. Analetwa na wazee wake."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tuachane, Cornel."

Nilisema. Mdomo wangu huu huu.

Nikasikia glavu inavuliwa, ile sauti yake ya kuvutika, pwa. Halafu akanishika. Mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo, pale nilipokunja mkono wa koti, akanigeuza nimtazame. Vidole vyake vilikuwa na majimaji, nikadhani jasho. Jamani, nikamtazama. Yale macho yake ya usingizi, leo yamejaa maji mpaka kope zimeshikana. Alinishika kwa nguvu kama mtu anayetelemka kisimani anavyoshika kamba, na sikumwambia aniachie. Nilitamani avunje kabisa huo mkono, nikaulize bangili yao wataivisha wapi.

Nyuma yake chupa ilishapita njano, ilishapita matofali, imekuwa nyekundu kama damu ya mbuzi.

"Sampo yako ya maji imepita," nikamwambia.

"Ipite."

Honi ikapigwa nje. Damas, dereva wetu, alikuwa anakwenda kuchukua sampo kwenye kisima kimoja njia ya Msalato, na bosi alikuwa ameniruhusu nipande naye mpaka nyumbani. Nikautoa mkono wangu, nikatundika koti langu jeupe kwenye msumari, nikatoka. Sikugeuka. Ningegeuka nisingefika.

Nilikaa nyuma ya pikapu pamoja na madumu ya sampo, nimeshika bomba, mkono umenyooka, mtandio unapepea. Jua la Dodoma saa sita mchana, kiangazi, hakuna wingu. Nililia njia nzima, upepo unanikausha.

*

Nyumbani palikuwa na harufu ya pilau. Mama alikuwa jikoni, akaniangalia macho, akaangalia pembeni haraka. Mama yangu si mtu wa maneno.

"Kaoge," akasema. "Gauni lako nimelinyoosha."

Nikaingia bafuni na ndoo yangu. Nikajimwagia kata ya kwanza, nikajimwagia ya pili, nikachukua sabuni, nikanyoosha mkono wa kulia.

Nikaiona.

Mwanzoni ilikuwa rangi ya chai ya rangi. Vidole vinne upande wa nje, kimoja kimoja, vimetengana. Kidole gumba upande wa ndani, pale palipo na mshipa. Yaani kama mtu ameweka kiganja kwenye wino akanishika. Nikajua hapo hapo, mimi fundi wa maabara, mimi ninayewafundisha wenzangu kila siku vaeni glavu! Koki inavuja, kavua glavu kunishika, vidole vimelowa silva, na mimi nikaenda kuianika juani njia nzima kama ninaanika muhogo.

Nikasugua. Nikasugua na sabuni ya mche, na mchanga, na jiwe la kusugulia miguu. Ngozi ikawa nyekundu, ile alama ikazidi kukolea. Nikaita, "Mama, naomba limau!" Akanipitishia limau dirishani, wala hakuuliza la nini. Limau likaniwasha hadi kwenye meno. Alama iko pale pale. Nikakaa juu ya ndoo nikalia bila sauti, nimeuma khanga.

Lakini unajua nilichofanya katikati ya kile kilio? Nikajikuta nimeweka vidole vyangu vya kushoto juu ya vile vyake. Kimoja kimoja. Vyangu vifupi, havifiki.

Nje nikasikia gari linasimama, na sauti ya mwanamke, "Hodi wenyewe! Tumekuja kuchukua chetu!" Vicheko. Baba anaitikia, "Karibuni, karibuni, hii ni nyumba yenu."

Gauni lilikuwa na mikono mirefu. Nikashukuru Mungu. Nikafunga kifungo cha kifundoni mpaka vidole vikafa ganzi.

*

Walikuwa wanawake watatu, na mkubwa wao ni Bi Mwanasha, shangazi yake Mudrick, mama wa miraba minne, meno ya mbele yana mwanya, mdomo haupumziki. Baba yangu, Mzee Bashiri, alikaa barazani na kofia yake ya sherehe kama inavyotakiwa, mwanaume haingii kwenye mambo ya bangili, ila mlango uko wazi na masikio yako ndani.

"Mwali mwenyewe huyu? Mbona macho mekundu?" Bi Mwanasha akaniinua kidevu. "Au moshi wa jikoni?"

"Shikamoo shangazi. Ndiyo, moshi."

"Marahaba. Moshi mzuri huo, unafundisha kupika." Wenzake wakacheka. "Mudrick amenituma, kasema, shangazi, nenda kaniwekee alama kabla mwingine hajaweka. Nikamwambia tulia, shangazi yako nikifika nimefika."

Kabla mwingine hajaweka! Nikauficha mkono wa kulia kwenye mikunjo ya gauni.

Mudrick si mtu mbaya, nisimsingizie. Ana Fuso yake anapeleka alizeti Kondoa na kurudi, anamheshimu baba, aliwahi kuniletea embe dodo kikapu kizima. Ila nikimtazama naona mtu mwema tu. Nikimtazama Cornel sioni kitu kingine.

Bi Mwanasha akafungua kitambaa chekundu. Bangili ikang'aa, nene, imelika kidogo upande mmoja kwa kuvaliwa na wanawake waliokwisha kufa.

"Lete mkono, mwanangu. Wa kulia."

Nikatoa wa kushoto.

"Wa kulia nimesema. Umesahau mkono unaolia wali?" Wakacheka tena.

"Shangazi, wa kulia... unauma kidogo. Tuvishe huu, siku nyingine..."

"Unauma nini?"

"Uliteguka. Kazini."

"Basi ndiyo vizuri, bangili ya bibi inatibu." Akaukamata. Akafungua kifungo. Nikaurudisha, akauvuta. Mama alikuwa mlangoni na sinia la juisi, nikamwona anasimama, hasogei. Mkono wa gauni ukapanda juu.

Nje kuku analia, sijawahi kusikia kuku analia kwa muda mrefu vile.

Alama ilikuwa imekuwa nyeusi. Nyeusi kabisa.

"Ni nini hiki?" Sauti ya Bi Mwanasha sasa ilikuwa ya chini.

"Dawa, shangazi. Dawa za kazini. Zikikugusa zinaacha weusi, sisi wote kule tunao, hata kucha zangu, tazama..."

"Dawa."

"Ndiyo shangazi."

"Dawa ina vidole?"

Nikauvuta mkono, hakuuachia.

Akachukua mkono wake mwenyewe, akauweka juu ya ile alama, akapima. Vidole vyake vinene, vifupi. Vile vya Cornel vikatokeza mbele. Akageuza kifundo changu, akakitafuta kidole gumba, akakipata.

"Mtu hajishiki mwenyewe hivi," akasema. "Na mwanamke hana kiganja hiki. Huyu ni mwanaume, mrefu, alisimama mbele yako, karibu kabisa, akakushika hapa. Leo." Akanusa. "Na umejaribu kuosha na limau. Baba Naima! Hebu ingia ndani, Baba Naima, uje usome maana mimi sikusoma sana!"

Baba akaingia. Aliangalia mara moja tu. Sijui nikueleze vipi uso wa baba yangu. Ningeomba anipige. Hakunipiga. Alivua kofia yake ya sherehe, akaiweka juu ya meza taratibu, kama mtu anayejua hataihitaji tena leo.

"Mkono wa nani?" akauliza.

"Baba, ni dawa..."

"Naima. Nimekuuliza mkono wa nani."

Nikapiga magoti. "Sijui, baba. Ilikuwa bahati mbaya. Tulikuwa wengi." Nilidanganya, ndiyo. Ningemtaja, baba angekwenda kazini, Cornel angefukuzwa, na huko Haneti mzee wake angepata la kuhubiri mwaka mzima. Bora niitwe mimi muhuni peke yangu.

"Wengi!" Bi Mwanasha akapiga makofi. "Mnasikia? Anasema walikuwa wengi!"

Na hapo ndipo nikasikia, nje, sauti niliyoifahamu kuliko ya kwangu.

"Hodi hapa."

Cornel.

"Karibu," baba akaitikia, maana sisi Warangi wa Kondoa hata nyumba ikiwaka moto hodi tutaitikia. Tukatoka barazani wote, mimi nyuma, mkono nimeufutika kwenye mtandio.

Cornel amesimama uani, baiskeli ya mlinzi wa kazini imelala chini nyuma yake, gurudumu bado linazunguka. Vumbi mpaka kwenye nyusi. Shati limeganda mgongoni. Na mikono yote miwili ameizamisha kwenye mifuko ya suruali.

Nikaelewa. Alitoka nje ya maabara, jua likampiga, akaona vidole vyake vinageuka. Akajua mkononi kwangu kuna nini. Simu sina, yeye hana, akaja mwenyewe.

Nikamtikisia kichwa. Ondoka, Cornel. Ondoka, hawajui.

Hakuondoka. "Shikamoo mzee," akasema. "Shikamooni mama zangu." Mikono iko mfukoni.

Baba hakuitikia. Alimtazama kutoka viatuni kwenda juu, akafika mifukoni, akasimama hapo.

"Kwenu ni wapi, kijana?"

"Haneti, mzee."

"Huko Haneti mnaamkia wakubwa mikono ikiwa mfukoni?"

Jamani, jamani. Cornel angeweza kusema samahani mzee nimepotea njia, akaokota baiskeli. Aonekane mjinga asiye na adabu, basi, imekwisha. Lakini baba alikuwa ameshanyoosha mkono wake kumsalimia, mkono wa mzee uko hewani unangoja, na hakuna mtoto aliyelelewa anayeuacha mkono wa mzee hewani.

Akautoa mkono wake.

Vidole vinne. Na gumba. Vyeusi tii.

"Haya!" Bi Mwanasha akashika kiuno. "Tulikuwa tunasoma maandishi, sasa na kalamu yenyewe imekuja!"

Baba alibaki amemshika ule mkono, akaugeuza, akaangalia kiganja.

"Ulimshika mwanangu kwa nguvu?"

"Nilimshika, mzee. Kosa ni langu. Yeye hana kosa lolote."

"Muongo!" Sauti yangu hiyo, sijui ilitokea wapi. "Baba, hakunilazimisha. Ningetaka kuutoa mkono ningeutoa. Sikutaka."

"Nyamaza wewe." Hakunigeukia. "Kijana, unaitwa nani?"

"Cornel, mzee. Cornel Mazengo."

"Unaswali?"

"Nasali. Kanisani."

"Na wazee wako wanajua habari hizi?"

"Wanajua. Baba yangu hataki." Akainua macho, akamwangalia baba moja kwa moja. "Ndiyo maana sikuja kuomba, mzee. Sina wa kunileta. Nimekuja kufuta."

Akatia mkono mfukoni, akatoa chupa ndogo ya kahawia na pamba imefungwa kwenye karatasi. "Nimeichanganya mwenyewe, inatosha mkono wake tu. Ukipaka hii, alama inatoka. Nilitaka niwahi kabla hamjaiona. Nimechelewa. Lakini inatoka, mzee, mkono wake utakuwa kama mwanzo. Asivunjiwe uchumba wake kwa ajili yangu."

Unajua kuchomwa kisu na mtu unayempenda? Ndicho nilichohisi. Amepiga pedali kutoka mjini mpaka Msalato, na jua lile, ili aje ajifute mwenyewe.

Bi Mwanasha akashusha mikono kiunoni. "Kumbe inatoka?" Akaangalia wenzake, akamwangalia baba. Sauti ikalainika. "Basi, Baba Naima, mbona hili dogo? Vijana ni vijana. Afute, mimi sijaona, hawa hawajaona. Funika kombe. Tuvishe bangili, tule pilau, twende zetu. Mudrick hatasikia kwangu."

Baba akaonyesha mkeka pale barazani.

"Kaeni hapo. Futa. Mbele yangu, nione mwenyewe. Ukimaliza uondoke, na jina la mwanangu ulisahau."

*

Tukakaa mkekani, yeye huku mimi huku, baba amesimama juu yetu kama mlingoti. Cornel akafungua chupa. Harufu ile ya kazini ikanijia, harufu ya asubuhi zetu zote. Akalowesha pamba.

"Lete mkono, Nai," akanong'ona.

Nikampa. Akaushika kwa chini, safari hii kwa ncha za vidole tu, kama anashika yai.

"Kwa nini umekuja?" nikamnong'oneza.

"Wangekuumiza."

"Na hii unayofanya ni nini?"

Akaisogeza pamba mpaka kwenye kidole kidogo, kile cha pembeni kabisa, akaigusisha kidogo, akaivuta. Nikaona kweli weusi unafifia. Ukawa kahawia. Ukawa kama haukuwahi kuwapo. Kidole kimoja cha Cornel, kimekwisha.

Chozi lake likaniangukia mkononi. Moto.

"Vimebaki vitatu na gumba," akasema, na akajaribu kutabasamu, yule mjinga. "Vumilia."

Sikuvumilia.

Nikampokonya chupa. Nikasimama, nikashuka barazani hadi uani, nikaigeuza mdomo chini. Ikamwagika yote, vumbi likanywa, pakabaki duara la tope tu. Nikaitupa chupa. Halafu nikapandisha mkono wa gauni mpaka kwenye kiwiko, nikasimama katikati ya uwanja, jua la saa tisa, nikaunyoosha mkono wangu wa kulia juu.

"Naima!" baba akanguruma. "Rudi kivulini!"

"Sirudi, baba."

"Rudi nimekwambia!"

"Iache iive, baba! Mnataka kuniwekea alama, si mmesema? Ninayo tayari. Ni fedha, hiyo hiyo kama ya bangili yenu, muulizeni yeye kama naongopa. Mudrick ni mtu mzuri, atampata mwenye mkono mtupu. Mimi wangu si mtupu." Nililia sasa kwa sauti, makamasi, sikujali jirani wala nani. "Nipige ukitaka. Nirudishe Kondoa nikachunge mbuzi. Ila kuivua siivui."

Baba alishuka ngazi ya baraza. Akaja mpaka mbele yangu, akainua mkono. Nikafumba macho.

Hakunipiga. Nilipofumbua alikuwa amekinga mkono juani, juu ya wa kwangu, kivuli chake kimeangukia pale penye vidole. Alisimama hivyo, mdomo wake unatafuna kitu ambacho hakipo.

Bi Mwanasha alikuwa anaikunja bangili kwenye kitambaa chekundu. Alikunja taratibu, nikaona amezeeka ghafla. "Twendeni," akawaambia wenzake. Alipofika kwangu akasimama. Nilidhani atanitemea mate. "Na mimi niliwahi kuvishwa hii, nikaozwa humo humo ukooni," akasema kwa sauti ambayo baba hakuisikia, akaondoka.

Gari likawaka, likaenda. Pilau la watu likabaki.

Baba akamgeukia Cornel, ambaye alikuwa bado amepiga magoti mkekani na pamba mkononi.

"Hiyo alama hukaa kwa muda gani? Ikiachwa."

Nikawahi. "Haitoki, baba. Haitoki kabisa."

"Nimemuuliza yeye."

Cornel akaniangalia. Nikamwomba kwa macho, danganya, mpenzi wangu, mara moja tu maishani danganya. Lakini yule mtu hata sampo ikimharibikia huandika imeharibika.

"Inatoka, mzee. Ngozi ikijivua inaondoka nayo. Wiki mbili. Ukiitunza sana, usiisugue wala kuilowesha, tatu."

Baba akatikisa kichwa, akaenda kuichukua kofia yake mezani, akarudi ameishika tu.

"Nenda Haneti," akasema. "Mwambie baba yako aje hapa. Si mjomba, si mjumbe, si mchungaji. Yeye, kwa miguu yake, apige hodi kwenye mlango huu, akae kwenye kiti kile, tuongee kama watu wenye watoto. Akija kabla hiyo alama haijatoka, nitamsikiliza. Sijasema nitakubali, nitamsikiliza. Ikitoka hajaja, naifuata bangili mwenyewe mpaka Kondoa, na safari hiyo binti yangu hatasimama juani."

Cornel alisema ndiyo mzee, ahsante mzee. Lakini nilimwona uso. Baba yake yule, siku ukisikia nimekwenda ujue nimebebwa. Angekuwa ameambiwa alete mlima ingekuwa nafuu, mlima haujaapa.

Akaokota baiskeli. Getini akageuka, akainua ule mkono wake mweusi, hakupunga, aliuonyesha tu. Na mimi nikainua wangu. Halafu vumbi likamchukua.

Hatukula. Baba alijifungia chumbani. Jioni jua likiwa linazama nikaenda uani, masufuria ya pilau yamerundikana, nikachukua dodoki na majivu, nikainama nianze kuosha maana maisha hayasubiri mtu.

Mama akaja. Toka mchana hakuwa amesema hata neno moja. Akachuchumaa karibu yangu, akaushika mkono wangu wa kulia, akautazama karibu na macho, vile vidole vitatu na gumba, akapitisha kidole chake juu yake taratibu kama mtu anayepima kitambaa. Halafu akanipokonya sufuria na dodoki, akapandisha mikono ya gauni lake.

"Kaa kule," akasema. "Usiguse maji."